Kikombe Kimoja cha Ngano

Rafiki yangu, kaa karibu. Haya niliyasema kanisani mara moja tu, tena nusu, kwa sababu nilishindwa kumalizia. Wewe nakuamini. Kwako nitafika mwisho.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, nakaa Bulyaga, hapa Tukuyu. Kusoma nimesoma ukubwani, masomo ya jioni, kwa hiyo nikikosea mahali nivumilie. Kazi yangu ilikuwa kupika maandazi ya kuuza. Na mimi mwenyewe asubuhi nilikunywa chai na maandazi hayo hayo. Tumbo lilinijaa gesi tangu usichana, damu ilipungua kila mara, vidonda vya mdomo haviishi. Nilizoea. Nilidhani ndivyo nilivyoumbwa.

Binti yetu Lusajo alizaliwa mnene. Alinyonya miezi sita bila shida. Mwezi wa saba nikaanza kumpa uji, na hazikupita wiki nyingi akaanza kuharisha. Kinyesi kilikuwa kingi, cheupe cheupe, kina mafuta, na harufu yake mpaka ufungue dirisha. Tumbo likavimba. Mikono na miguu ikakonda, makalio yakakunjamana kama ya bibi kizee. Akaacha kucheka. Zahanati walimpa dawa ya minyoo, wakasema, "Mama, ongeza lishe."

Sasa kwetu mtoto akidhoofu, akina mama wa jumuiya wanaleta nafaka, kila mmoja kikombe chake. Huyu mahindi, huyu ulezi, huyu soya, huyu karanga, huyu ngano. Zinachanganywa kwenye sinia moja, zinaombewa, zinapelekwa mashineni kusagwa pamoja. Kuukataa uji huo ni kuwakataa watu.

Nilimpa mara nne kwa siku. Kila kijiko nilikiombea. Alipokuwa akifunga mdomo, nilimziba pua kidogo ili afungue. Hapa ndipo niliposhindwa kuendelea kanisani. Mtoto alikuwa anakataa, na mimi nilikuwa nalazimisha, kwa jina la Yesu.

Mama mkwe wangu akaja kutoka Masukulu. Alimfungua mtoto mdomo, akapapasa fizi, akitafuta yale meno laini ambayo wazee husema ndiyo yanayoharisha watoto.

"Huyu ana meno ya plastiki. Yang'olewe."

Baba Lusajo akamwambia, "Mama, mtoto huyu hang'olewi kitu. Kesho tunaenda Mbeya."

"Nendeni. Hospitali mmezijua leo? Atupele mlimpeleka wapi?"

Atupele alikuwa mtoto wetu wa kwanza. Alifariki ana mwaka mmoja na miezi minne, miaka mingi kabla ya Lusajo. Tumbo lilikuwa hilo hilo. Makalio hayo hayo. Nilikuwa nimeyaona kwa Lusajo tangu yalipoanza, ila sikuwa nimemwambia mtu.

Mbeya tulimkuta daktari dada mdogo, mpole. Akauliza, "Asubuhi anakula nini?"

"Uji wa lishe, daktari."

"Una nini ndani?"

Nikamtajia moja moja, tena kwa kujivunia. Nilipofika kwenye ngano akaacha kuandika.

"Huo uji alianza lini?"

"Miezi saba. Hata ule wangu wa kwanza niliuchanganya na ngano."

"Na kuharisha?"

Baba Lusajo ndiye aliyejibu, "Kama wiki tatu baadaye."

Walimtoa damu, wakampitisha kamera tumboni. Majibu yalipokuja, daktari akatueleza kwamba kwenye ngano na shayiri kuna kitu kinaitwa gluteni. Mwili wa Lusajo haukitaki, kikiingia kinaharibu utumbo, chakula kinapita tu. "Dawa yake ni kuacha ngano. Maisha yote, mama, hata kipande." Akanitazama kucha na macho. "Na wewe tukupime. Mara nyingi ugonjwa huu unatembea ndani ya familia." Nikapimwa. Ninao na mimi.

Nikamuuliza, "Na yule wetu wa kwanza?"

Akaweka kalamu chini. "Siwezi kujua, mama. Hakupimwa."

Ninaishi na jibu hilo mpaka leo.

Tuliacha ngano nyumba nzima, na maandazi nikaacha. Lusajo akaanza kupata nafuu, halafu wiki ya tatu akaharisha tena. Nikachanganyikiwa. Kumbe unga wake wa mchele niliusaga kwenye mashine ile ile, nyuma ya mtu aliyesaga ngano. Ilibidi niwaeleze akina mama wa jumuiya kwa nini mashine siitaki tena wala uji wao siupokei. Mama Ambwene, aliyekuwa analeta ngano, alijifunika uso kwa kitenge. Kesho yake akaja na mchi begani.

"Mchele wa mtoto nitautwanga mimi. Usinibishie."

"Mama Ambwene, mgongo wako ule?"

"Mgongo ni wangu. Lete kinu."

Jirani yangu Bi Zuhura, ambaye babu zake walitoka pwani, akanifundisha vitumbua. Unaloweka mchele usiku kucha, unausaga laini na tui la nazi, unatia hamira, sukari na iliki, unaacha uumuke. Akanicheka, "Miaka yote unakanda ngano, na mchele wa Kyela uko mlangoni kwako?" Siku hizi asubuhi kwetu ni vitumbua, au magimbi na maziwa, au ndizi za kuchemsha na parachichi. Lusajo anakula uji wa mchele. Mwezi wa tatu tangu tuache ngano, makalio yalianza kujaa. Siku moja alimcheka kuku, nikakaa chini palepale uani. Sasa ana miaka miwili na anakimbia. Vidonda vyangu vya mdomo vimeisha.

Nimshukuru Mungu, na ninamshukuru kweli. Lakini sitakudanganya. Kuna asubuhi Lusajo anafunga mdomo kwa utundu tu, na mimi naona uso wa mwingine. Naacha kumlisha, natoka nje, baba yake anamalizia. Nimeomba liondoke. Bado lipo.

Ushauri wangu ni mdogo. Mtoto akikataa chakula kila siku, msikilize. Na usiache ngano kwa kusikia habari zangu, kapimwe kwanza, maana daktari aliniambia ukishaacha, kipimo kinaweza kisionyeshe kitu.

Sasa nakuomba uyapeleke haya mbele. Yasome kwenye jumuiya, kliniki, popote penye akina mama. Na ukimwona mama ana mtoto mwenye tumbo kubwa na makalio yaliyosinyaa, usimlaumu, hajui. Mwambie ampeleke hospitali. Kama anaogopa, nenda naye.