Dobi Aliyeteuliwa na Serikali

Walimwita Mama Povu, na si kwa sababu ya sabuni tu. Ni kweli alikuwa dobi wa hospitali kuu ya serikali, ameanza kufua mashuka ya wagonjwa kabla hajaolewa, na maji yalikuwa yamemlainisha kucha mpaka zikawa kama za mtoto aliyetoka kuogeshwa. Lakini jina lenyewe lilimpata siku alipomtolea povu mganga mkuu mbele ya wauguzi, kwa kuacha bomba livuje juu ya nguo safi wiki nzima. Bomba lilizibwa mchana uleule. Tangu siku hiyo hata mganga mkuu akawa anamwita Mama Povu, ila kwa mbali.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, nyuma ya boila. Mashine zilinguruma kutwa, na ile pasi ndefu ya kupitishia mashuka nayo ilikuwa na makelele yake. Mle ndani huwezi kuongea na mtu mpaka umtie mdomo sikioni. Ndiyo maana madobi walikuwa na utaratibu wao wa kuamua mambo, iwe zamu, iwe mchango wa msiba, iwe nani aende kumkabili msimamizi. Mwenye jambo alipanda juu ya kreti ya sabuni, akalitamka kwa pumzi zake zote, kisha akawaangalia wenzake. Aliyekubali alinyoosha mkono. Asiyekubali aliificha mikono yake chini ya aproni. Ukiona aproni zimevimba, ujue jambo lako limekufa, shuka uendelee na kazi. Hakuna aliyebishana na hakuna aliyenuna.

Kamanda alianzia siasa juu ya kreti hiyo. Alikuwa dobi kama wao, akisimama upande huu wa pasi na Mama Povu upande ule, wakipokezana shuka moja baada ya jingine, wakijuana mpaka ugomvi wa ndani ya nyumba zao. Yeye ndiye aliyeongoza mgomo wa glavu, pale walipochoka kushika nguo zenye damu kwa mikono mitupu. Glavu zilipatikana, jina likapaa, na chama cha wavuja jasho kikaja kumchukua akagombee ubunge. Kampeni walimfanyia madobi wenzake. Walikwenda nyumba kwa nyumba na miguu yao iliyovimba, wakafukuzwa na mbwa, wakacheka, wakagonga mlango uliofuata.

Chama kikashinda. Siku Kamanda alipotangazwa naibu waziri wa afya, mashine zilizimwa. Shangazi, dobi mkongwe kuliko wote, ambaye hakucheza hata kwenye harusi ya mwanawe wa kumzaa, alicheza mpaka kilemba kikamdondoka.

Tusiwasingizie watu. Serikali ile ilianza vizuri na mwenye macho aliona. Watoto wadogo walitibiwa bure. Kima cha chini cha mshahara kilipanda. Mawaziri walinyang'anywa misafara. Na katika ahadi zote, iliyowagusa watu wa kufulia ilikuwa moja: serikalini hatakuwepo tena kibarua, kila mtu atapewa ajira ya kudumu. Wengi wa madobi walikuwa vibarua wa miaka nenda miaka rudi. Akiugua leo, leo hana mshahara. Shangazi mwenyewe alikuwa kibarua, na magoti yalikuwa yameanza kumkatalia. Alichotaka ni kuajiriwa kabla hajashindwa kusimama, ili akienda kupumzika aende na pensheni, asiende kula kwa mkwewe.

Kisha zikaja teuzi. Hapo ndipo mtu angepaswa kushtuka, lakini nani anashtuka harusini? Ukurugenzi wa hospitali alipewa shemeji wa katibu wa chama. Uenyekiti wa bodi alipewa bwana mmoja mstaafu wa benki, aliyekuwa amevaa kofia ya chama kile kingine mpaka wiki ya uchaguzi, akaivua akavaa ya hawa, na kichwa wala hakikupoa hapo katikati. Na kwa kuwa sera mpya ilisema wafanyakazi nao wawe na sauti, kila bodi ikatakiwa kuwa na mwakilishi wao. Kamanda alipiga simu mwenyewe.

"Dada yangu, nimekupendekeza wewe," alisema. "Na sisi tukakae kwenye viti vile, au tuvisafishe tu?"

Mama Povu alilia pale pale na simu mkononi. Jioni mumewe, fundi viatu, alimshonea jozi mpya ya viatu kwa ngozi aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mteja, kisha akamtazama akivijaribu.

"Sasa nikuite mheshimiwa," akauliza, "au bado naweza kukutuma chumvi?"

"Chumvi utaifuata mwenyewe," akajibu, na akacheka kwa furaha ambayo baadaye ilimuuma kuikumbuka.

Chumba cha bodi kilikuwa juu kabisa, kimya, na baridi ya kwenye jokofu. Zulia lilimeza hata sauti ya viatu vipya. Katibu alimnong'oneza kwamba mjumbe mpya, kikao cha kwanza, husalimia na kusikiliza. Akasalimia. Akasikiliza. Mambo yalipita, mwisho likafika jambo lililoitwa uboreshaji wa huduma ya nguo. Mwenyekiti alieleza kwa sauti ya upole kwamba nguo za hospitali zitakuwa zinachukuliwa na kampuni ya nje, na chumba cha kufulia kitafungwa.

Moyo ulimpasuka. Lakini alijikaza kisabuni, kama wasemavyo. Aliiingiza mikono yote miwili chini ya meza, akamkazia Mwenyekiti macho, na akakaa hivyo. Mwenyekiti alizungusha macho mezani. "Kama hakuna mwenye neno, tunaendelea," akasema. Hakuna hata mjumbe mmoja aliyenyoosha mkono. Mama Povu aliitazama mikono yao yote, imetulia kwenye meza na juu ya magoti, na akashusha pumzi. Jambo limekufa.

Alishuka ngazi akikimbia. Alipanda kwenye kreti akawaambia wenzake: wamejaribu kutuuza, nimekataa, na wote wamekataa pamoja nami. Mikono ikanyooshwa chumba kizima, na Shangazi akamkumbatia akamlowesha kwa aproni yake mbichi.

Siku ya tatu yake walikuwa wamekaa wakila, redio imewekwa dirishani, wakasikia sauti wanayoijua. Ni Kamanda. Alisema serikali ya wavuja jasho inatimiza ahadi. Alisema huduma ya nguo inahamishiwa kwa wataalamu. Alisema uamuzi huo ulipitishwa na bodi kwa kauli moja, mwakilishi wa wafanyakazi akiwemo.

Walimgeukia tu, midomo imejaa chakula, kisha Shangazi akasimama taratibu kwa magoti yake yale, akachukua sahani yake, akaenda kukaa upande wa pili. Mmoja mmoja wakamfuata. Mama Povu alibaki peke yake kwenye benchi la watu wanane, amevaa viatu vipya.

"Sikukubali," akasema. "Nilificha mikono."

"Ulificha kitu," akajibu Shangazi bila kumtazama.

Kesho yake aliomba ruhusa, akaenda wizarani. Njia nzima alikuwa akijipa moyo kwamba Kamanda hajui, amedanganywa, kina Mwenyekiti wamempaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kamanda alimpokea mlangoni kabisa, akamkumbatia, akamketisha kwenye kochi, akaagiza chai. Bado alikuwa na alama ya moto wa pasi kwenye kifundo cha mkono.

"Wamekudanganya," Mama Povu akaanza. "Mimi nilikataa. Sikufungua mdomo na mikono nilificha. Wewe si unajua kwetu hiyo ni nini?"

"Najua."

"Sasa ulisemaje redioni?"

Kamanda alikoroga chai yake, ingawa sukari ilikwisha yeyuka zamani. "Dada, kule juu si kufulia. Kule mtu akinyamaza amekubali. Ndivyo inavyokwenda dunia nzima."

"Na ulijua nitanyamaza."

Kamanda akaeleza, na alieleza vizuri, maana kuongea alikuwa amejaliwa. Hazina haina fedha za kuajiri vibarua wote. Lakini ahadi ni ahadi, na uchaguzi hauko mbali. Sasa madobi wakihamia kwenye kampuni, serikali haitakuwa na kibarua hata mmoja pale hospitalini. Ahadi itakuwa imetimia.

Mama Povu alilirudia kichwani polepole, kama mtu anayetafuta tundu kwenye shuka. "Yaani mmewaondoa vibarua kwa kutufukuza sisi."

"Si kuwafukuza. Mtaomba upya kule. Wenye nguvu watachukuliwa."

"Na Shangazi?"

"Shangazi apumzike, amechoka." Kamanda akamshika goti. "Wewe usiogope. Nimeshaongea nao, wewe utakuwa msimamizi."

Hapo ndipo povu lingemtoka, na siku nyingine yoyote lingemtoka mpaka ghorofa ya chini wasikie. Lakini hasira ile ilikuwa kubwa kupita mdomo. Alisimama, akaacha chai haijaguswa, na mlangoni akageuka. "Tulikutembezea miguu," akasema tu. Kamanda akaitazama meza.

Siku ya uzinduzi ikafika. Lori jipya la kampuni liliegeshwa mbele ya mlango wa kufulia, limefungwa utepe. Viti vya wageni vikapangwa kivulini. Madobi waliamriwa kuvaa aproni safi, wapange mstari karibu na magunia ya nguo chafu, na utepe ukishakatwa wayabebe wayapakie kwenye lori wenyewe, wakitabasamu, wapiga picha wapate kitu. Hayo ya kutabasamu yalisemwa na mkurugenzi kwa kinywa chake. Watu wanafukuzwa kazi, halafu wanaambiwa wapakie kazi yao kwenye gari na wachekelee.

Mwenyekiti alihutubia. Kamanda alihutubia. Alipofika kwenye maneno ya kauli moja, Mama Povu alitoka kwenye mstari, akaenda mpaka kwenye kipaza sauti, na mlinzi akasita kwa sababu alikuwa mjumbe wa bodi.

"Mwakilishi wa wafanyakazi ni mimi," akasema. Sauti ilimtetemeka. "Sikukubali. Hakuna dobi aliyekubali hata mmoja."

Kisha Mwenyekiti, bwana mwerevu yule, akaanza kupiga makofi. "Mnaona?" akawaambia wageni. "Hii ndiyo demokrasia yetu. Zamani dobi angesema hivi wapi?" Wageni wakafurahi, wakapiga makofi wote, mwanamke mmoja kwenye viti vya mbele akafuta hata chozi. Mama Povu alisimama katikati ya makofi yale akijiona anamezwa mzima mzima. Amewakatalia, na bado wanamshangilia kana kwamba ametumbuiza.

"Sema tena."

Ilikuwa sauti ya Shangazi, kutoka kwenye mstari. Tangu siku ya redio hakuwa amemsemesha hata salamu.

"Sema tena," Shangazi akarudia. "Hawajasikia."

Mama Povu alisema tena. Safari hii sauti haikutetemeka, na alisema yote: Shangazi na magoti yake, ahadi inayotimia kwa kufukuza watu, na usimamizi aliohongwa. Makofi hayakuja. Wapiga picha walimtazama mkurugenzi kama waendelee au waache.

Kamanda alichukua mkasi akakata utepe haraka. "Haya jamani, dada zangu, tupakie, watu wanasubiri," akasema kwa ile sauti ya zamani ya kwenye kreti. Madobi hawakusogea. Akarudia. Mikono yote ilikuwa chini ya aproni, na kati ya wageni wote wale ni yeye peke yake aliyejua maana yake. Alimsogelea Mama Povu, akainamisha kichwa.

"Unaniaibisha mbele za watu."

"Beba wewe," Mama Povu akamwambia. "Unajua yanavyobebwa."

Kamanda aliliangalia gunia lililokuwa miguuni pake. Kwa kitambo Mama Povu aliamini kabisa kwamba atainama alinyanyue, sijui alitie kwenye lori au alirudishe ndani, lakini atainama. Hakuinama. Alimwashiria dereva wake, akaingia garini, na wageni wakaanza kukusanya mikoba yao. Lori liliondoka tupu. Jioni redio ilitangaza kwamba mpango umeahirishwa kwa mashauriano zaidi, na kuhusu ajira za kudumu haikusema lolote.

Lakini hayo ya redio walikuja kuyasikia baadaye. Pale mlangoni, lori lilipokwisha kata kona, madobi walibaki wamesimama na magunia, hakuna aliyejua la kufanya. Shangazi, bado kibarua, akashika pembe moja ya gunia la kwanza.

"Shika huko," akamwambia Mama Povu. "Wodi ya wazazi hawana mashuka."