Utumbo Mfupi na Wageni Wengi

Asubuhi moja, miaka ya sabini ikiwa bado michanga, mimi na mjomba wangu tuliondoka kijijini kwetu Nyamache bila mpango wowote. Kwangu hilo lilikuwa jambo la kawaida. Tangu nilipoacha shule darasa la tano, ni mara chache nimetoka mahali nikijua nitalala wapi. Lakini mjomba alikuwa mtu wa shamba la chai, mzee wa kanisa, mwenye ng'ombe na heshima zake. Alikuwa anakimbia. Na alichokuwa anakikimbia ni chakula.

Miezi kadhaa kabla ya hapo, utumbo wake ulijisokota kama kamba ya ng'ombe aliyezunguka kigingi. Hospitalini wakampasua, wakakuta sehemu kubwa imekwisha kufa, wakaikata na kuunganisha kidogo kilichobaki. Kidonda kikapona, lakini chakula kikawa kinapita ndani yake kama mgeni anayekata njia uani kwa watu: hakisalimii, hakiachi kitu. Suruali zikaanza kumhama.

Nilimsindikiza kliniki, maana katika ukoo mzima ni mimi tu niliyekuwa sina kazi. Daktari alikuwa na subira, nami nikamuuliza maswali mpaka mjomba akanifinya. Je, hawezi kupandikizwa utumbo wa mtu mwingine? Akasema wenzake ng'ambo wamejaribu, wagonjwa wakafa. Kulishwa kwa mshipa? Kuko, lakini si huku. Alichobakiwa nacho ni upasuaji wa aina moja: kukata kipande kifupi cha utumbo, kukigeuza kitazame nyuma na kukishona palepale, ili chakula kikifika hapo kirudishwe kidogo, kipunguze mbio.

"Lakini mara nyingine huziba," alisema, "na inabidi tupasue tena. Tusubiri kwanza. Utumbo uliobaki huweza kujifunza kazi ya ule uliokatwa. Mzee, kula kidogo kidogo, mara nyingi. Usishibe. Ukirudi baada ya mavuno umeongeza uzito, kisu tutakiweka kando. Ukirudi umekonda zaidi, sina njia nyingine."

Kidogo kidogo! Nyamache! Huyo daktari hakuwahi kuugua kwetu. Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, na aliyeleta chakula haondoki mpaka akione kimeliwa. Ukikiacha, umemwambia mbele ya watu kwamba ametia sumu, na kesho yake kijiji kizima kinamwita mchawi. Basi wakaja na milima ya ugali wa wimbi, maziwa ya mgando kwenye vibuyu, na chinsaga, ile mboga yetu chungu. Waadventista walikuja Jumamosi baada ya ibada. Wakatoliki walikuja Jumapili, wasije wakashindwa kwa wema. Mjomba alikula huku jasho likimtoka. Kisha alikimbilia chooni, na wageni wakatikisa vichwa.

"Maskini, chakula hakikai. Hebu mwongezeeni."

Suala la upasuaji nalo likawa la ukoo. Aliyelipinga kuliko wote ni mzee mmoja fundi wa vichwa, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwapasua watu ngozi ya kichwa na kuwakwangua fuvu kutibu maumivu ya kichwa.

"Kichwa, sawa," alisema. "Kichwa kinafunguka. Lakini kugeuza utumbo? Chakula kitarudi juu, kimtokee mdomoni akiwa kanisani!"

"Na wewe mzee, ukimfungua mtu kichwa, akili hazimtoki?" nikamuuliza.

"Zako zingetoka zote kwa tundu la sindano. Nyamaza, mtoto wa dada yetu."

Wakacheka sana. Kisha wakamwongezea mjomba ugali.

Jioni ile mkewe aliniita jikoni. "Mchukue mjomba wako," aliniambia. "Wataniulia mume kwa upendo."

"Si uwakataze?"

"Nimfukuze mtu aliyebeba chakula? Nitaishi wapi baada ya hapo?"

"Sasa nimpeleke wapi?"

"Si wewe ndiye mtu wa barabara? Popote asikojulikana."

Ndivyo tulivyoondoka. Tulidandia lori la majani chai, tukashuka, tukatembea, tukadandia jingine. Kila tulipopumzika mjomba alikula kipande cha ndizi ya kuchemsha akiwa amegeukia kichaka, kama mwizi. Jioni tukafika Magwagwa, mahali ambapo hata mimi sikuwa nimewahi kukanyaga, soko likiwa linafungwa. Tukaelekezwa kwa mama mmoja kutoka upande wa ziwa, muuza samaki aliyekuwa na vyumba vya kupangisha.

Akamtazama mjomba juu mpaka chini. "Huyu mzee anaumwa nini?"

"Tumbo. Alikatwa utumbo."

"Anaambukiza?"

"Hapana, mama."

"Basi pole yake. Chumba ndicho hicho. Lakini tuelewane: mimi sipiki. Hapa kila mtu na sufuria yake. Mtu asije kunililia njaa."

Mjomba akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kama mtu aliyepewa shamba. Ndani, akafunga mlango, akaketi kitandani, akala nusu ya ndizi polepole bila kutazamwa na mtu.

"Mpwa," akasema, "najua tabia yako ya kupiga gumzo na kila mtu. Mpaka mavuno, nakuomba, usizoeane na mtu hapa."