Kiranja wa Ukimya

Siku aliyofika shuleni kuanza kidato cha tano, akiwa na sanduku la bati, godoro lililoviringishwa na ndoo yenye jina lake kwa rangi nyeupe, matroni alimkagua vitu kwa dakika kumi na tano. Dakika hizo zilipokwisha, matroni hakuwa amegundua kwamba sanduku halikuwa na mashuka. Yule msichana, kwa upande wake, alikuwa amekwisha kujua kwamba matroni ana kidonda cha kisigino kisichopona, kwamba binti yake wa pili ameolewa mbali na hapigi simu, na kwamba yule paka wa bwenini si wa shule hata kidogo, ni wa matroni mwenyewe.

Wiki haikuisha, akapewa jina la Redio. Hakukasirika. Alisema kwamba hata shule aliyotoka walimwita hivyohivyo, tena huko waliongeza "isiyozimwa".

Haikuwa kwamba alikuwa msengenyaji. Siri ya mtu aliitunza. Ila vitu vingine vyote vilivyompitia kichwani vilitokea mdomoni, kama maji ya bomba lililokatika koki. Alizungumza akipiga mswaki. Alizungumza akifua, akipanga foleni ya uji, na akiwa amelala. Aliyeteseka zaidi ni msichana wa kitanda cha chini, mwembamba, mwenye miwani minene, aliyekuwa wa kwanza darasani tangu akili zake zilipoanza kupimwa. Huyo waliita Profesa. Profesa alitumia maneno kwa ubahili wa ajabu. Ukimsalimia alitikisa kichwa. Ukimwuliza swali alikuonyesha ukurasa. Usiku wa kwanza alimsikiliza Redio mpaka taa zikazimwa, kisha akajaza pamba masikioni, na pamba hiyo haikutoka hadi likizo.

Walipoingia kidato cha sita, shule nzima ilikusanywa uwanjani kutangaziwa viranja wapya. Mkuu wa shule alikuwa mama mrefu, mkavu, asiyepaza sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Alisoma karatasi yake taratibu: kiranja mkuu, kiranja wa usafi, kiranja wa chakula. Kisha akasema, "Kiranja wa ukimya, atakayesimamia maktaba," akataja jina ambalo watu walikuwa wamelisahau kwa kutolitumia. Ilichukua muda wasichana kukumbuka ni la nani. Walipokumbuka, kicheko kililipuka kuanzia mstari wa nyuma mpaka kwa walimu.

Redio mwenyewe alikuwa katikati ya sentensi. Aligeuka kumtazama aliyetajwa, akakuta wote wanamtazama yeye.

"Dawa ya moto ni moto," alisema mkuu wa shule, akakunja karatasi.

Jioni ile aliomba simu ya ofisi ya matroni ampigie mama yake, aliyekuwa fundi cherehani.

"Umesema kiranja wa nini?"

"Wa ukimya, mama."

Kule upande wa pili cherehani ilisimama. Kisha mama akauliza kwa upole, "Mwanangu, huyo mkuu wenu ni mzima?"

Lakini Redio aliuchukua wadhifa ule kwa moyo mmoja. Alikabidhiwa daftari la kelele, lenye kalamu iliyofungwa kwa kamba ya kiatu isije ikapotea. Sheria ilikuwa fupi: anayepiga kelele maktaba anaandikwa, na jina likionekana mara tatu kwa wiki, mwenye jina anafyeka nyasi nyuma ya jiko Jumamosi asubuhi.

Jumatatu mchana, saa ya kujisomea, aliingia maktaba mbele ya wenzake. Ilikuwa chumba kirefu chenye meza kumi na mbili, na feni moja iliyozunguka kama inayofikiria kuacha kazi. Akasimama mbele, akakohoa kidogo, akaanza kuwaeleza umuhimu wa ukimya. Alieleza ukimya ni nini, aina zake, faida zake kwa mwanafunzi, na madhara ya kuukosa. Akatoa mfano wa mjomba wake aliyekuwa mlinzi. Akatoa mfano mwingine wa jirani ya yule mjomba. Dakika ishirini na tano zilipopita, Profesa aliinua mkono.

"Kiranja," alisema, na wengi waligeuka kwa sababu hawakuwa wakiijua sauti yake, "tunaomba ukimya."

Maktaba ilicheka mpaka vumbi likadondoka kutoka kwenye feni. Redio alihisi uso unamwaka. Akaketi, akafungua daftari, na kwa mwandiko mzuri akaandika jina la kwanza. Lilikuwa lake.

Ijumaa mkuu wa shule alipolikagua daftari, alisoma kurasa mbili, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hili jina ni lako."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Limo mara kumi na moja."

"Ndiyo, Mwalimu. Nilijionya kwanza. Nikajionya tena. Ila nilikuwa nikijionya najijibu."

Mkuu wa shule alimtazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma hesabu iliyokataa kutoka. "Basi," alisema mwishowe, "sheria ni msumeno."

Jumamosi Redio akajikuta nyuma ya jiko peke yake, fyekeo mkononi, nyasi zikimfika magotini. Kilichomwuma si adhabu. Kilichomwuma ni kwamba Jumatatu palikuwa na jaribio la Baiolojia, na kitabu alikuwa amekisoma mara nne bila hata mstari mmoja kukaa kichwani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote. Akisoma kimya, herufi zilimpita kama abiria wanaoteremka upande wa pili. Mitihani yote aliifanya kwa kubahatisha, akipata arubaini, akipata arubaini na tatu, na kila mara aliwachekesha wenzake kwa namna alivyoanguka. Hakumwambia mtu kwamba usiku aliwahi kulia kwa ajili ya hizo alama. Kulia ndilo jambo pekee alilolifanya bila sauti.

Mpishi mkuu alikuwa mama mnene, mwenye mikono ya mvulana wa gereji, aliyekaa juu ya kreti mlangoni mwa jiko akichagua maharage. Redio hakuweza kukaa karibu na binadamu mwenye masikio bila kumwambia kitu. Na kwa kuwa kichwani hakukuwa na kingine, akamwambia mzunguko wa damu.

"Mama Mpishi, chukulia moyo ni hili jiko lako. Lina vyumba vinne."

"Langu lina viwili na stoo."

"Chukulia. Sasa wasichana wa zamu wanatoka na sahani zimejaa, wanapeleka bwaloni. Hiyo ndiyo damu safi. Watu wakishakula, sahani zinarudi tupu, chafu."

Mpishi aliacha maharage. "Zinarudi kwa mlango gani? Kwa sababu wakipishana mlango mmoja na wenye chakula, watamwaga. Mimi hilo nimelikataza."

Redio akasimama, fyekeo hewani. Hakujua. Akakimbilia kitabu alichokuwa amekiweka juu ya jiwe, akapekua, akarudi. "Mlango mwingine! Tena una kizuizi, ukishapita hurudi nyuma."

"Sasa hapo umesema la maana," alisema mpishi.

Waliendelea mpaka jua likawa kali na maharage yakaisha. Jumatatu Redio alijibu karatasi nzima akinong'ona, na matokeo yalipobandikwa, palikuwa na themanini na moja mbele ya jina lake. Aliangalia juu na chini ya mstari ahakikishe rula haikuteleza. Mwalimu wa Baiolojia naye alimwita, akamwuliza alikuwa amekaa karibu na nani.

"Karibu na mama Mpishi," alijibu Redio, na mwalimu akadhani anafanyiwa utani.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na wasichana wawili zaidi kwenye nyasi, walioandikwa kwa kugombea kiti. Walifyeka, walimsikiliza, walibishana na mpishi kuhusu figo, na wiki iliyofuata wakafaulu jaribio. Habari za namna hiyo bwenini hazihitaji redio. Kufikia katikati ya muhula, watu walikuwa wanakuja maktaba kutafuta adhabu. Mmoja aliingia akiimba. Mwingine alipiga chafya kumi na nne mfululizo, kisha akanyoosha kidole kwenye daftari: "Hizo zote, usiruke hata moja."

Redio aliwaomba kwa machozi waache. "Mnaniharibia kazi! Nitaonekana sifai!"

"Kwani ulikuwa unafaa?" walimjibu, wakaendelea kugonga meza.

Siku ya Alhamisi Profesa alisimama, akavuka chumba kwa hatua ndogo, akafika mbele ya meza ya kiranja. Akatazama kulia na kushoto. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeungama kanisani, "Kelele."

"Nini?"

"Nimepiga kelele. Kelele, kelele. Ni tatu. Niandike."

Redio alimtumbulia macho. Ndipo Profesa akainama, akamnong'oneza kwamba karatasi yake ya jaribio la mwisho ilikuwa na swali moja lililosema, eleza kwa maneno yako mwenyewe. Kitabu alikuwa nacho chote kichwani, kuanzia jalada hadi jalada. "Lakini maneno yangu mwenyewe," alisema, "niliyatafuta, sikuyakuta."

Ijumaa hiyo mkuu wa shule alihesabu majina thelathini na manne. Kwenye kikao cha walimu alisema maktaba imegeuka gulio, na kesho yake asubuhi akaamua kwenda kujionea adhabu inavyotekelezwa. Hakupita njia ya mbele. Alizunguka kwa nyuma, akasimama kando ya tangi la maji.

Nyasi hazikuwepo. Ardhi ilikuwa imefyekwa mpaka ikang'aa kama kipara. Wasichana thelathini na nne walikuwa wamekaa chini na mafyekeo magotini, na juu ya kreti la mpishi alisimama kiranja wa ukimya, mfuniko wa sufuria mkononi, akifundisha volkano.

"Watu wanadhani volkano inalipuka tu," alikuwa akisema. "Siyo. Kwanza inanyamaza. Kimya kingi kina mshindo. Mnamjua Mkuu akikukuta na soksi za rangi? Anasema kitu?"

"Hasemi!" waliitikia.

"Hasemi. Anavua miwani. Hapo ndipo mgandamizo unaanza, huko chini kabisa. Anaifuta kioo cha kwanza. Joto linapanda. Anaifuta kioo cha pili, taratibu, hivi..." Akashusha mabega, akarefusha shingo, na kwa kitambo kidogo palikuwa na wakuu wa shule wawili pale nyuma ya jiko.

Yule wa kweli, kando ya tangi, alikuwa ameshika miwani yake mkononi na pindo la blauzi kwenye kioo cha pili.

Mpishi ndiye aliyemwona. Bakuli la maharage likamponyoka, likabingirika hadi miguuni kwa mkuu wa shule, na vichwa thelathini na vinne vikalifuata.

"Endelea," alisema mkuu wa shule. "Baada ya mgandamizo?"

Redio akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akaufunga, akaufungua tena kama samaki aliyetupwa mchangani. Wasichana wakatazama chini. Ndipo miwani minene ikasimama kutoka mstari wa tatu.

"Baada ya hapo, Mwalimu," alisema Profesa, sauti ikitetemeka lakini ikisonga, "lile joto linatafuta mahali palipo dhaifu. Ndiyo maana ukiwa na soksi za rangi ni bora usisimame mbele. Linapasua hapo, linatoka, linachoma chochote kilicho karibu. Halafu linapoa. Na... na baada ya miaka, Mwalimu, ardhi ya hapo huwa na rutuba sana."

Mkuu wa shule aligeuka, akawapa mgongo. Wengi waliamini ni hasira. Mpishi, aliyemwona kutoka ubavuni, alisema baadaye kwamba mabega yalikuwa yanaruka na ngumi ilikuwa mdomoni.

Redio alipoitwa ofisini mchana, alikuwa ameshafungasha sanduku. Alisimama mlangoni.

"Lete daftari," alisema mkuu wa shule. Akalipokea, akaliweka kwenye droo. "Kazi ya ukimya nimekuvua. Nilikosea kukupa, na mimi sikosei mara nyingi." Kisha akasukuma ufunguo juu ya meza. "Stoo ya madawati mabovu. Mtaifagia wenyewe. Wanaosoma kwa macho, maktaba ipo. Wanaosoma kwa mdomo, nendeni huko, mfunge mlango."

Redio akauchukua ufunguo kwa mikono miwili.

"Na mimi," aliongeza mkuu wa shule bila kuinua uso, "sishushi mabega."

"Hapana, Mwalimu."

Stoo ile ilijaa kila mchana mpaka mitihani. Mpishi alikuja akimaliza kuosha masufuria, akauliza maswali ambayo hata walimu waliyakwepa. Kwenye mtihani wenyewe msimamizi aliona midomo ya Redio ikicheza, akamhamishia barazani na dawati lake, na huko alijieleza kila jibu kwa mnong'ono kabla ya kuliandika, huku mlinzi wa geti akisogea karibu kidogo kila siku ili asikie.

Matokeo yalipotoka, Profesa alikuwa wa kwanza kama kawaida. Redio alikuwa wa sita, na chuo cha ualimu kikamwita. Mama yake alipata habari akiwa na mteja aliyekuja kuchukua suruali. Alimsimulia yote, kuanzia sanduku la bati, na kila alipofika kwenye alama alisimamisha cherehani aanze upya. Mteja alitoka pale jioni na suruali yenye mguu mmoja mfupi. Alipofika nyumbani na kuulizwa kwa nini hakulalamika, alisema hakupata nafasi.