Tone Moja kwenye Kitambaa cha Mama

Siku ya kugawa nguo za mama nilikificha kitambaa chake cha kichwa. Kilikuwa bado na harufu yake ya Jumapili, yale manukato ya chupa ndogo ambayo karatasi yake ilibanduka zamani, hata jina hatukulijua. Nilikifungia ndani ya kopo la biskuti. Dada yangu wa Embu akaniambia kwa simu, "Tafuta manukato yanayofanana, tugawane. Lakini hicho kitambaa nikikute vile kilivyo."

Mjini Meru kuna mzee Mwislamu anayeuza manukato ya mafuta. Nilimfungulia kopo, akanusa kwa mbali, akaanza kunipaka mkononi, harufu moja baada ya nyingine. Ya waridi ilikuwa tamu mno. Ya udi ilinukia harusi ya watu wengine. Ya tano ilikaribia, kisha ikageuka sabuni.

"Mama, pua imechoka. Nusa hii kwanza," akanisogezea mkebe wa kahawa.

"Mzee, mimi ni mkulima wa Githongo. Kahawa ndiyo iliyonichosha."

Alicheka mpaka akakohoa.

Kufikia ya tisa mikono ilikuwa imejaa hadi viwiko. Lakini hiyo ya tisa ilikuwa yenyewe, au karibu sana. Nilitaka kuwa na hakika. Nikachukua kijiti cha chupa, nikagusa pembe ya kitambaa, ili ninuse zote mbili pamoja.

"La, mama!" mzee akasema.

Nilibaki nimeshika kijiti. Tone lilikuwa linaenea kwenye kitambaa. Nikanusa pembe ya pili, nikanusa katikati. Kila mahali ilikuwa harufu ya dukani. Nilimsikia mzee akisema pole, mara nyingi, nami nikakikunja kitambaa, nikakirudisha ndani ya kopo.

Embu, dada alifungua kopo kabla sijamaliza kuvua viatu. Akauzika uso wake humo.

"Ni yeye," akasema. "Uui, ni yeye kabisa!"

Njiani nilikuwa nimepanga kusema mzee ndiye aliyemwaga.

"Si yeye," nikasema. "Ni mafuta ya dukani. Nimeyapaka mimi, kwa mkono wangu."

Hakuinua kichwa. Nilidhani hajasikia, nikarudia.

"Nimesikia," akasema, mdomo ukiwa bado ndani ya kitambaa. "Niache kidogo."

Nikasimama pale mlangoni, kiatu kimoja mkononi.