Siku Sista Alipombeba Bibi

Mwezi uliopita nilirudi Ujiji kwa harusi ya binamu yangu. Asubuhi ya kwanza, kabla hata sijanywa chai, nikanusa mawese yakichemka uani kwa jirani. Unajua harufu ile inavyomfanya mtu. Papo hapo nikawa mtoto tena, miguu mitupu kwenye uchochoro wetu wa mchanga, nasubiri kipande cha samaki wa mgebuka kutoka kwenye karai la bibi. Nikauliza, kama mtu anavyouliza habari za ndugu, Sista wetu yuko wapi siku hizi. Watu wakatazamana, kisha mjomba akaniambia taratibu kwamba Sista amepumzika tangu mwaka juzi, na amelazwa pamoja na masista wenzake, njia ya kwenda Kidahwe.

Basi kaa nikusimulie habari zake, maana tangu asubuhi ile hazijanitoka kichwani.

Alikuwa Muha wa kule milimani, mrefu, mwenye mikono mipana ya mtu aliyekulia kwenye jembe. Asubuhi alitufundisha sayansi darasa la nne. Mchana alijikung'uta vumbi la chaki, akavaa aproni nyeupe na kufungua zahanati ya misheni iliyotazamana na ziwa. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyekukemea kwa kucha chafu saa nne ndiye aliyekudunga sindano saa nane, na hukuwa na pa kukimbilia. Wenzetu Wakatoliki walimwamkia kwa Tumsifu Yesu Kristo, sisi watoto wa chuo cha Kurani tukampa shikamoo, na wazee wa Kiha wakamwambia mwakeye. Kila mmoja alimjibu kwa salamu yake mwenyewe, hata akiwa mbioni.

Mimi nililelewa na bibi, mzaa mama. Alikaanga migebuka na kuiuza mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji ziwani kukipambazuka na kusugua masufuria kwa mchanga mpaka yang'ae. Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa mwalimu wa chuo aliyenifundisha kusoma Kurani, mtu wa maneno machache, ambaye kikohozi chake tu kilitosha kutunyamazisha.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Mvua ilinyesha mpaka vyoo vya bondeni vikafurika, na uchafu wote ukateremka ziwani, kwenye maji yaleyale tuliyoyanywa. Kipindupindu kikaingia mjini. Shule ikafungwa, madawati yakatolewa barazani, na darasa letu likawekwa vitanda vya turubai vilivyotobolewa katikati, kila kimoja na ndoo yake chini. Dripu zilining'inizwa kwenye kamba iliyofungwa dirisha hadi dirisha. Ukipita nje ulisikia harufu ya dawa ya klorini mpaka macho yanachoma.

Bibi aliugua asubuhi moja akiwa anawasha moto. Kufika saa nne macho yalikuwa yamezama, na ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Nilichemsha maji, nikatia sukari na chumvi kama Sista alivyotufundisha darasani, nikamnywesha kwa kijiko. Yote aliyatapika. Nikamwita mwalimu wa chuo. Alichungulia mlangoni, akamtuma mtu mbio kwa Sista.

Bibi aliposikia kwamba atapelekwa kule shuleni, akakataa. Alikuwa ameona waliokufa wakizungushiwa plastiki na kuondolewa na watu wa afya wenye mabuti, bila ndugu kuwagusa. Alisema kwa sauti iliyobaki kidogo kama uzi kwamba anafia hapahapa, kwenye mkeka wake.

Sista alikuja kwa miguu, matope mpaka magotini. Hakubishana naye. Alipiga magoti sakafuni, akamshika kifundo cha mkono akitafuta mapigo. Bibi ndiye aliyeanza.

"Nikifia kwenu, nani ataniosha?"

"Ukifa, mama, wataitwa wanawake wa msikitini kwako wakuoshe, nami nitasimama mlangoni mtu asiwazuie," Sista akasema. "Lakini bado hujafa. Leo nakuosha mimi."

Akaomba maji ya moto na sabuni, akanitaka nishike kanga kuziba mlango. Akamwosha bibi mwili mzima, kwa upole ule anaooshwa nao mtoto mchanga, akamvika gauni safi. Bibi alifumba macho. Sikujua kama ni aibu au uchovu, ila niliona mkono wake umeshika kitambaa cha kichwani cha Sista, na haukuachia.

Gari halikuweza kuingia uchochoroni, na vijana waliogopa kumgusa mgonjwa. Sista akachuchumaa akampa bibi mgongo. Nikasaidia kumpandisha, tukamfunga kwa kanga mbili, kama mama anavyomfunga mwanawe. Akasimama. Nakumbuka alivyoshika kizingiti cha mlango kwanza, kisha akatoka.

Hivyo ndivyo walivyopita katikati ya Ujiji mchana kweupe, mtawa wa Kikatoliki na bibi yangu mgongoni, kichwa cha bibi chenye mvi kimelala juu ya kitambaa cha Sista. Watu waliokaa barazani walisimama mmoja baada ya mwingine. Mwalimu wa chuo alitangulia mbele na fimbo yake, akiondoa mawe njiani. Mimi nilifuata na birika, nimejaa kitu ambacho wakati ule sikuwa na jina lake. Nilijiona kama niko mbele ya mlima.

Kule darasani nilipewa kazi moja, kumnywesha bibi kikombe kidogo kidogo kila alipoweza kumeza. Ubaoni bado palikuwa na mchoro wa ua ambao Sista alituchorea kabla ya shule kufungwa. Chini ya mchoro ule alitembea kitanda hadi kitanda, akibadilisha dripu, akimwaga ndoo, akiwaita watu kwa majina yao ili wasilale moja kwa moja. Mwalimu wa chuo alileta wanafunzi wake wakubwa wakate kuni na kuchemsha maji. Ijumaa ile, baada ya swala, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba mtu asinywe maji ya ziwa bila kuyachemsha, kwa sababu Sista amesema.

Si wote waliopona. Mtoto wa muuza mkaa, mdogo kuliko mimi, alifia mikononi mwa Sista. Sista alimfunika, akanawa, akatoka nyuma ya darasa. Kupitia dirishani nilimwona ameelekea ziwani, mabega yanatikisika. Baadaye akajifuta uso kwa kiganja, akarudi ndani na kuuliza dripu ya nani imekwisha.

Bibi alifumbua macho siku iliyofuata akaomba uji. Alipoonja, akauliza nani amepika uji usio na ndimu. Sista alicheka kwa sauti, na wagonjwa wenye nguvu wakacheka naye.

Tangu hapo bibi alimtambulisha kwa kila mtu kuwa ni bintiye wa mwisho. Sikukuu ya Idi Sista alikaa nasi mkekani akala pilau kwa mkono. Miaka michache baadaye alihamishiwa misheni nyingine, na bibi akalifunika karai lake siku nzima, asikaange kitu.

Leo nyumba nyingi za Ujiji zina bomba, na watoto wa pale hawajui kitanda kilichotobolewa ni cha nini. Afadhali hivyo, na Sista angefurahi kuliko mimi. Bibi hayupo, mwalimu wa chuo hayupo, na uchochoro ule umezibwa na ukuta wa nyumba ya mtu. Kinachoniuma ni kwamba wale waliosimama barazani siku ile wanapungua, na karibu patabaki mimi peke yangu wa kusema kwamba jambo lile lilitokea kweli.

Baada ya harusi nilichukua bodaboda mpaka kwa masista. Sista mmoja kijana alikuwa akimwagilia maua makaburini, na makaburi yote yalifanana, saruji na msalaba mdogo. Nilipomtajia jina akanionyesha kaburi la Sista wetu, kisha akaniuliza kwa adabu marehemu alikuwa nani wangu.

"Mama yangu mdogo," nikamjibu.

Akautazama ushungi wangu, akanitazama usoni. Kisha akanisogezea ndoo ya maji.