Vipande Arobaini na Nane vya Nesi Rebeka

Ukifika Ilongero ukamuulizia Emiliana Ntandu, hutaoneshwa nyumba kwanza, utaoneshwa vitambaa. Kila kochi linalojiheshimu pale limevaa kazi ya mikono yake, na meza, na televisheni, na mtungi wa maji. Redio ya mumewe, mzee Simeoni, ilivalishwa gauni lenye marinda mpaka mzee wa watu akawa anatafuta stesheni kwa kupapasa, kama anayetafuta kupe kwenye sikio la ng'ombe. Wajisifu wengine na mashine zao huko mjini. Huyu mama alianza kufuma kwa spoki ya baiskeli, baba yake kaikunja ncha kwa nyundo, naye yuko darasa la nne. Alipomaliza la saba alikuwa bado anagombana na desimali, lakini walimu wote walikuwa wamekalia vitambaa vyake. Sasa hapo nani alifaulu?

Tatizo lake ni mdomo tu. Mkono wa Emiliana ukifanya jambo moja, mdomo umeshaahidi matatu.

Mwaka huu, mwezi wa sita unaisha, habari zikatembea kwamba Nesi Rebeka anastaafu na kurudi kwao Sepuka. Miaka thelathini na moja kakaa kwenye zahanati yetu. Kuna wanaume hapa wana vitambi na wanaongoza vikao, lakini Nesi Rebeka akipita wanashusha sauti, maana aliwahi kuwashika miguu juu kichwa chini akiwapiga makofi ya matako ili walie.

Akina mama wakaketi kujadili zawadi. Katibu wao ni Dina, Mama Anselm, mwembamba, mwenye vidole kama njiti za kiberiti na akili ya kufunga mambo haraka. Akasema linunuliwe blanketi dukani, lile lenye picha ya chui, mambo yaishe.

Emiliana akasimama kabla hajaitwa.

"Chui amezalisha nani hapa?" akauliza. Watu wakacheka, na yeye akishawachekesha watu ndiyo basi tena, hashikiki. "Kila mama aliyezalishwa na Nesi afume kipande kimoja. Rangi anayotaka, ua analotaka. Vipande vije kwangu, naviunga mwenyewe, linakuwa blanketi moja."

"Ukubwa gani, Mama Joshua?" Dina akauliza, kalamu mkononi. "Tuandike sentimita."

"Sentimita za nini? Mungu alitupa futi mkononi. Shubiri moja kila upande, basi."

Wakapiga makofi. Dina akaandika: shubiri moja.

Na Emiliana hakuwa anajisifu bure siku hiyo, hata kama ilifanana. Alipokwenda kumzaa Joshua, mtoto wake wa kwanza, ulikuwa mwezi wa saba, upepo wa Singida ule unaoingia kwenye mfupa bila hodi. Alifika kwenye mkokoteni wa ng'ombe, Simeoni mbele akiwachapa, khanga zote mbili zimelowa. Zahanatini hakukuwa na shuka wala blanketi. Nesi Rebeka, wakati huo binti mgeni asiyejua hata njia ya kisimani, akavua sweta lake, akamviringisha mtoto, na jioni akarudi nyumbani na gauni tupu, mikono kaikumbatia kifuani. Emiliana akamwambia kutoka kitandani, "Nesi, siku moja nami nitakufunika." Nesi akamjibu, "Nyonyesha kwanza." Joshua leo ana ndevu na anachomelea mageti Utemini, Singida mjini. Ile ahadi ilikuwa bado imekaa, na mwenye kuitoa alikuwa anaikumbuka kila upepo ukivuma.

Vipande vilifika Jumatatu, arobaini na nane, kwenye kiroba cha alizeti. Sherehe ilikuwa Jumamosi ya wiki ya pili yake. Emiliana akatandika mkeka uani, akavipanga sita kwa nane, akaweka kijiwe juu ya kila kimoja upepo usimfanyie mchezo. Kisha akarudi nyuma, mikono kiunoni, atazame uzuri.

Hakuna uzuri uliokuja.

Kipande cha Mama Petro, mwanamke anayelima kwa plau na kukaba fahali kwa mkono mmoja, kilikuwa kama sinia. Kando yake kipande cha Dina kilikuwa kama kifuniko cha glasi. Vingine vilikuwa katikati, kila kimoja na mawazo yake. Emiliana akainua kiganja chake, akakitazama, akakigeuza. Shubiri moja, ndiyo. Ya nani, hilo hakusema.

Mtu mwingine angelia. Yeye alijaribu ubabe kwanza. Akachukua vipande vinne, vikubwa akavifinya, vidogo akavivuta, akaviunga kwa nguvu. Kufika saa kumi alikuwa na kitu kilichovimba katikati kama andazi na kujikunja pembeni kama sikio la mbuzi. Simeoni akatoka ndani na chai yake, amevaa sweta lake jeupe, akazunguka kile kitu mara mbili.

"Mke wangu, hili Nesi atalivaa kichwani au?"

"Baba Joshua, kunywa chai yako."

"Nauliza tu. Maana likiwa kofia, ni zuri."

Emiliana akafumua vyote vinne, akivuta uzi hivi kwamba hata kuku wa pale walijua kuna jambo.

Siku ya pili Dina akaja, eti anapita tu. Ilongero haina njia ya kupita tu inayoishia uani kwa mtu. Akatazama mkeka, akatazama vijiwe, akaona kila kitu.

"Mama Joshua, futi la Mungu limegoma?"

"Halijagoma. Linapumzika."

"Haya. Lakini Alhamisi ya wiki ijayo tunapita kukagua. Kama halijashikana, tunakwenda kumchukua yule chui. Tutamwambia Nesi ulijaribu." Akaondoka akifungua mwavuli, na mvua hapa haijanyesha tangu mwezi wa nne.

Lile "ulijaribu" ndilo lililomchoma Emiliana kuliko yote. Mtu hafunikwi na "ulijaribu".

Akaketi kwenye kigoda akatazama ukuta wa sebuleni, mahali ilipo picha ya Joshua siku ya kipaimara. Picha yenyewe ndogo, tena imekatwa vibaya, lakini fundi wa fremu alikuwa ameizungushia karatasi nyeupe pana ikajaa. Akaitazama. Akaitazama tena. Halafu akainuka akaenda jikoni, akapasua boksi la sabuni, akapima kipande cha Mama Petro, kile sinia, akakata karatasi ngumu inayokizidi kidogo kila upande. Hicho kikawa kipimo chake. Kila kipande kitazungushiwa uzi mweupe, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kifike ukingo wa boksi. Kikubwa mzunguko mmoja, cha kati miwili, kidogo itakavyohitaji. Vyote vikilingana, vinaungana bila ugomvi.

Akajipongeza kwa sauti. Halafu akakumbuka kwamba hana uzi mweupe.

Bodaboda ikampeleka mjini, moja kwa moja dukani kwa Rizwana, ambaye baba yake na babu yake waliuza nyuzi kwenye duka lilelile. Rizwana akashusha maboksi, akayapandisha.

"Rangi moja, kwa wingi huo? Mama, nina nyeusi tu. Nyeupe inakuja na mzigo wa mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi Nesi yuko Sepuka."

"Basi chukua nyeusi, inapendeza, inaficha uchafu."

"Mwanangu, huyu mama ameleta watu duniani. Nikimfunika na nyeusi watauliza nani amekufa."

Akarudi mikono mitupu. Alipoingia uani, Simeoni alikuwa amekaa juani, na jua la saa tisa lilikuwa linampiga kwenye lile sweta. Jeupe. Zito. Lenye kola. Alilifuma Emiliana mwenyewe mwaka wa pili wa ndoa, na Simeoni hakwenda mnada, msiba wala mkutano bila hilo. Watu wa vijiji vya mbali hawajui jina lake. Wanasema yule mzee wa sweta.

Emiliana akasimama akilitazama. Simeoni akaona anavyotazamwa, akalishika kola kwa mikono miwili.

"Hapana," akasema.

"Sijasema kitu."

"Macho yako yamesema. Mama Joshua, mwezi wa saba huu! Unataka nivae nini?"

"Vaa koti la harusi."

"Koti la harusi liliisha likiwa kwa ndugu yako!"

Emiliana akavuta kigoda, akaketi mbele yake, magoti yakikaribia kugusana.

"Baba Joshua. Siku ile ya mkokoteni, mwanao alirudi nyumbani amevaa nini?"

Simeoni akatazama zizini, ng'ombe hawakumsaidia. Kisha akainua mikono juu kama mtoto anayevuliwa, na sweta likatoka kichwani. Nywele zikabaki zimesimama.

"Kola niachie angalau," akasema.

"Utafanya nini na kola?"

"Nitaivaa shingoni. Watu wajue niliwahi kuwa nalo."

Kufumua sweta ni kazi ya saa mbili kama unajua ncha ilipo, na aliyelifuma alijua. Uzi ukatoka umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa mabutu, akauzungusha kwenye mgongo wa kiti, akaufunga, akaulowesha, akauanika kwenye kamba na mchi umening'inia chini uuvute. Kesho yake ulikuwa umenyooka kama mpya. Simeoni kwa upande wake alizunguka uani na shati na ile kola shingoni, akiwaeleza wapita njia kwamba ni ushauri wa daktari.

Halafu Emiliana akafuma. Asubuhi akishamaliza kupepeta mtama, anakaa, mchana anakaa, jua likizama anaweka chini, maana macho ya miaka hamsini na tisa si ya kuyafanyia utani. Kipande, boksi, mzunguko, boksi. Cha Mama Petro mzunguko mmoja tu wa heshima. Cha Dina alikizungushia mara ya kwanza, bado. Ya pili, bado. Ya tatu. Ya nne, na ya nne ndiyo iliyogusa ukingo. Kikakaa katikati ya weupe ule, ua dogo jekundu, kama picha ya mtu mkubwa ofisini. Emiliana akakitazama akacheka peke yake mpaka Simeoni akaja kuuliza kuna nini.

Jumatano vyote arobaini na nane vilikuwa vimelingana. Akavipanga kifudifudi, viwili viwili, ukingo kwa ukingo, akaviunga kwa uzi uleule, kitundu kwa kitundu, mstari mrefu kwanza, kisha mistari kwa mistari. Hakuna kilichovimba. Hakuna kilichojikunja. Alhamisi Dina alipokuja na wenzake wanne kukagua, blanketi lilikuwa limetandikwa kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza halikuwekewa jiwe hata moja. Upepo ulipita juu yake ukashindwa kulishika.

Wale wanne wakapiga vigelegele pale pale. Dina akainama, akatafuta kipande chake, akakiona. Akainuka taratibu.

"Mama Joshua."

"Abee, Mama Anselm."

"Mbona changu peke yake umekitengenezea fremu kubwa hivi?"

Hapo ndipo unapomjua mtu. Angeweza kusema ukweli mbele ya mashahidi wanne, na ukweli ungetembea mpaka Singida mjini bila nauli. Emiliana akameza lile "ulijaribu", akameza na ule mwavuli.

"Kile kilihitaji kazi ya pekee," akasema.

Dina akarekebisha kitambaa chake cha kichwa. Tangu saa ile ikawa vigumu kumsikia mtu mwingine akilisifia blanketi, kwa jinsi alivyokuwa anawahi.

Jumamosi uwanja wa zahanati ulijaa. Wakazungumza wale wa kuzungumza, mmoja akazungumza mara mbili. Halafu akina mama sita wakalifungua blanketi mbele ya watu, upepo ukaingia chini yake likapanda juu na rangi zake zote, na hata wanaume waliokuwa nyuma wakisema mambo ya ng'ombe wakasogea kutazama. Kila mama akaenda kuonesha kipande chake na kumtaja mtoto wake. Joshua na ndevu zake akaitwa mbele, akamwamkia Nesi shikamoo, akarudi haraka kabla hajasimuliwa zaidi.

Emiliana hakuonesha kipande. Alilichukua blanketi zima, akamzungushia Nesi Rebeka mabegani, akalifunga mbele kama mtu anavyomfunga mtoto.

Nesi akaushika ule uzi mweupe. Akamtazama Emiliana, akamtazama Simeoni pale kwenye benchi, na shati, na kola shingoni.

"Emiliana," akasema polepole, "umeshanyonyesha?"

"Nimemaliza, Nesi. Ndiyo nimepata nafasi."

Walicheka wawili hao mpaka wakashikana, na watu wengine wote hawakujua wanacheka nini, wakacheka tu.

Sasa ukienda kwa Emiliana, utakuta lile boksi la sabuni limetundikwa kwenye msumari chini ya picha ya kipaimara, na akina mama wa Mtinko wameshaleta kiroba chao, wanaye mwalimu anayehama. Wamekuja na vipande vyao vikiwa vimepimwa kwa boksi hilohilo, maana Emiliana alilituma mbele na onyo. Shubiri haitajwi hapo nyumbani.

Simeoni yuko mnadani, upepo unampiga, watu wanamuuliza mzee wa sweta, sweta liko wapi?

"Limehamia Sepuka," anajibu, kola imesimama. "Linalala kwa Nesi."

"Baba Joshua," Emiliana akamwambia siku moja alipomkuta katikati ya jibu hilo, kifungu cha uzi mweupe mpya kwapani, kimetoka kwa Rizwana asubuhi hiyo, "hilo sweta lingine unalitaka au hulitaki?"

Mzee akavua kofia. "Nalitaka, mama."

"Basi waambie vizuri liko wapi."

Simeoni akawageukia wenzake, akakohoa. "Liko kwenye blanketi," akasema, "alilolitengeneza mke wangu."