Mwenyeji wa Jiji

Walimu walipokaa kupanga safari ya darasa la saba kwenda jijini, mwalimu mkuu alimgeukia mwalimu wa jiografia.

"Wewe mwenzetu ndiye mwenyeji kule. Watoto tuwapeleke wapi?"

Mwenyeji! Kwa miezi minane alikuwa akienda kumuuguza mkewe, na njia aliyoijua ilikuwa moja tu, ya kutoka stendi hadi hospitali. Februari akamzika.

"Kuna bustani ya wanyama," alijibu. Aliwahi kuiona kwa mbali, kupitia dirisha la wodi.

Wakaiandika, pamoja na makumbusho na uwanja wa ndege. Siku ya safari watoto walimshangilia twiga mpaka sauti zikawakauka. Yeye alisimama kando akiwahesabu, thelathini na wanane, wala hakusikia uchungu wala furaha.